Unga wa Kunyunyizia

Mama Mkate hakutaka kwenda kula piza. Kwanza, mtu aliyeoka mikate tangu ujana wake haoni raha kulipia unga uliookwa na mtu mwingine. Pili, hakuelewa kwa nini mambo ya nyumbani yasizungumzwe nyumbani. Lakini mwanawe alimganda kwenye simu mpaka akachoka.

"Mama, mahali pale wana piza isiyo na ngano," mwanawe alimwambia. "Wewe na mkweo mtakula meza moja, sahani moja, mzungumze. Mimi niko zamu."

"Kuzungumza nini?"

"Mambo, mama. Mambo tu."

Akakubali shingo upande. Mambo aliyajua, tena yalikuwa jambo moja. Mkwe wake alikuwa na mimba kubwa, mjukuu wa kwanza alikuwa njiani, na Mama Mkate alikuwa ameshapaka rangi chumba cha nyuma, ameshanunua kitanda cha mtoto na neti yake, ili mzazi akitoka hospitali aje alelewe kwake. Kila alipomuuliza mkwe kama atakuja, mkwe alijibu kwa upole, "Tutaona, mama." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hiyo "tutaona" ilikuwa imemnyima Mama Mkate usingizi.

Na chanzo chake alikijua, au alidhani anakijua. Siku ya kwanza mwanawe alipomleta yule binti nyumbani, Mama Mkate alimwekea mezani mkate wake wa maziwa, ule ambao watu huupangia foleni mlangoni kabla jua halijachomoza. Binti akautazama, akaunusa hata, akasema, "Samahani mama, tumbo langu halipatani na ngano." Mama Mkate aliwahi kuona wagonjwa wa kila namna, wa sukari, wa presha, wa vidonda vya tumbo. Mgonjwa wa mkate hakuwahi kumwona. Alitabasamu, akauondoa mkate, na moyoni kitu kikamkwama.

Lakini mpeni haki yake, si mwanamke wa kinyongo cha bure. Baada ya harusi alikaa, akafikiri, akasema sawa, kama ni ngano basi ngano tutaiacha. Akasaga mchele mwenyewe, akauchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa laini, akamwokea mkwe keki ya peke yake. Mkwe akala vipande viwili, akashukuru sana. Kesho yake akalala kitandani kwa maumivu, na hakuinuka mpaka wiki ilipokaribia kwisha.

Hapo ndipo Mama Mkate alipopotea njia. Mchele si ngano. Kama ngano inamuumiza na mchele nao unamuumiza, basi tatizo si unga. Tatizo ni mkono uliooka. Hakumwambia mtu yeyote wazo hilo, lakini alilala nalo na kuamka nalo, na toka siku hiyo hakumpikia tena.

Mkahawa ulikuwa mdogo na safi, una viti vya mbao na ukuta mmoja wa kioo unaoonyesha jikoni. Mama Mkate alichagua meza iliyo karibu na kioo, maana hata akichukia hawezi kuacha kutazama mtu akikanda unga. Mkwe aliingia tumbo likiwa mbele, viatu vya kazi miguuni, spana ikichungulia kwenye mfuko wa suruali. Alikuwa fundi wa lifti. Kabla ya mimba alikuwa akipanda juu ya vibanda vya lifti kwenye maghorofa, siku hizi alikaa ofisini na kuwaelekeza wenzake kwa simu. Aliinama akamkumbatia mama mkwe wake kwa mkono mmoja, mwili ukiwa mbali kidogo, kama kawaida yake.

"Shikamoo mama. Umengoja sana?"

"Marahaba. Sijangoja. Kaa, usisimame na mzigo huo."

Mhudumu akaja, mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na tabasamu lisiloshuka. Mkwe akamuuliza kama wana piza isiyo na gluteni.

"Hakuna shida, dada."

"Nina ugonjwa, si kwamba napunguza mwili. Naomba kujua inatengenezwa mbali na zile nyingine?"

"Hakuna shida."

"Yaani mbali, au si mbali?"

"Dada, hakuna shida kabisa."

Mkwe akavuta pumzi. "Unga wenyewe ni wa nini?"

"Ni unga wa kawaida tu," mhudumu alisema, "ila hauna gluteni."

Mama Mkate aliona haya usoni. Watu wa meza ya jirani walishaanza kugeuza shingo. Yeye hakuijua hiyo gluteni kwa jina mpaka mwanawe alipomweleza kwamba ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike bila kukatika, na kwamba tumbo la mkewe huiona kama adui. Kuvutika alikujua. Alishinda maisha yake yote akikutafuta kwa viganja. Kilichomshinda ni kuelewa kwa nini mtu auulize unga maswali kama mwizi kituoni.

"Na tanuri?" mkwe akaendelea. "Na kisu cha kukatia?"

Mhudumu akacheka kidogo. "Dada yangu, hata ikigusa kidogo haidhuru. Kidogo hakimuumizi mtu."

"Ndivyo nami ninavyomwambia siku zote," Mama Mkate akadakia, akimwonea huruma mhudumu wa watu.

Mkwe alikunja leso ya karatasi mara mbili, akaikunjua. Mhudumu akasema ngoja aulize jikoni.

Kuanzia hapo mambo yakavurugika. Mhudumu alirudi akasema mpishi amesema ipo. Akaondoka, akarudi, akasema mpishi alidhani anaulizwa kuhusu isiyo na jibini, na isiyo na gluteni imekwisha. Mkwe akachukua mkoba wake. Mhudumu akakimbia tena, akarudi akihema, akasema imepatikana. Mama Mkate akamuuliza imepatikanaje kitu kilichokwisha. Mhudumu akasema, "Hakuna shida, mama," na safari hii hata yeye alionekana hajui anachokisema.

Ndipo akaja meneja, mwanamke nadhifu, mikono ameikunja mbele kama mtu anayetoa pole msibani.

"Piza yetu isiyo na gluteni ni salama kabisa," alisema. "Wateja wengi wanaisifu."

"Asante," mkwe alisema. "Kwa hiyo naweza kula?"

"Unaweza kula. Ila kama ni mgonjwa kweli, hatukushauri."

"Kwa hiyo si salama."

"Ni salama. Ila hatuwezi kukuhakikishia."

Mama Mkate alimtazama meneja, akamtazama mkwe, akarudi kwa meneja. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nielekeze taratibu. Ni salama kwa nani? Kwa asiyeumwa?"

Meneja akatafakari. "Kwa kila mtu, mama. Ila yeye aamue mwenyewe." Kisha, kwa kutaka kulegeza mambo, akaeleza utaratibu wa mkahawa. Piza zile maalumu huchomekwa kibendera cha kijani juu ya kijiti cha meno, ili zisichanganyike na nyingine. Wakiona kibendera, wasiwe na hofu.

Mkwe aliweka mkono juu ya tumbo. Mama Mkate alimwona akimtazama yeye, si meneja. "Haya," mkwe akasema. "Tuletee hiyo ya kibendera. Tumekuja kula pamoja."

Wakabaki wawili. Mama Mkate alitamani kuuliza habari ya chumba lakini akaulizia lifti. Mkwe akamweleza jinsi lifti ya jengo moja ilivyokuwa ikisimama katikati ya ghorofa kila mara, mafundi wakabadilisha mota, wakabadilisha nyaya, kumbe ni vumbi tu kwenye kitambuzi cha mlango, vumbi ambalo huwezi kuliona mpaka upitishe kidole.

"Vumbi tu?"

"Vumbi tu, mama. Watu wakawa wanapanda ngazi mwezi mzima kwa vumbi."

Piza ikaja. Ilikuwa nzuri, nyekundu na nyeupe, ukingo umeumuka, na upande mmoja lengelenge lililoungua lenye umbo la sikio. Kibendera hakikuwepo. Mkwe akakiulizia. Mhudumu akajipiga paji la uso, akaomba radhi, akaibeba, akaingia nayo jikoni, akatoka nayo. Sasa ilikuwa na kibendera cha kijani katikati.

Mkwe alinyoosha mkono. Mama Mkate akaudaka mkono huo hewani.

"Hii ndiyo ileile."

"Hapana mama," mhudumu alisema. "Ile haikuwa na kibendera. Hii inacho."

"Sikio lake hili hapa." Mama Mkate aliligusa lile lengelenge. Kisha, pasipo kuomba ruhusa, akamega ukingo na kuuvuta taratibu kwa vidole viwili. Ukavutika, ukavutika, ukawa uzi mwembamba unaopitisha mwanga, na haukukatika. "Unaona? Hii ni ngano. Nimezeeka nayo, siwezi kuisahau uso. Wewe umetoka jikoni kuchomeka kijiti?"

Mhudumu alimtazama kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi Mama Mkate. Mtu huyu hakuwa anadanganya. Aliambiwa kibendera ndicho kinachofanya piza iwe salama, naye akaenda akakileta. Alifanya kazi yake.

"Mama, tuache tu," mkwe alisema kwa sauti ya chini. "Nimezoea."

Neno hilo, nimezoea, lilimchoma. Alihisi hasira, na hakujua amkasirikie nani, maana dakika chache zilizopita alikuwa upande wa mhudumu. Meneja akaja tena, akasikiliza, akawaka usoni. Akasema itatengenezwa nyingine, mpya, na kama mama anapenda asimame pale kwenye kioo ajionee kwa macho yake, wasije wakaambiwa wanaficha kitu.

Mama Mkate akasimama kwenye kioo.

Mpishi alikuwa jitu la mikono minene, na alianza vizuri kuliko alivyotarajia. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alivaa glovu mpya. Alitoa kwenye jokofu donge lililofungwa kwenye mfuko wake, akaonyesha kibandiko kiooni, akaufungua kwa mkasi. Alifuta meza kwa kitambaa safi. Mama Mkate aliridhika. Hapa sasa, alisema moyoni, hapa kuna mtu wa kazi.

Kisha mkono wa kulia wa mpishi ukaenda pembeni, kwenye beseni la unga mweupe lililokuwa pale kwa ajili ya piza zote, ukachota ngumi moja, ukaurusha juu ya meza kwa mtupo mmoja mzuri uliotawanyika sawasawa. Akaliweka donge juu yake, akaanza kulibonyeza.

Mama Mkate alikuwa ameshatikisa kichwa kwa kusifu. Mtupo ule aliujua. Ni wa mtu aliyefundishwa na mtu, wa kiwiko na si wa bega. Aliutazama kama mtu anavyomtazama mwenzake akipumua, haoni kitu cha kuulizia. Ikapita pumzi nyingine, na ya tatu, ndipo akauliza kichwani, unga gani ule?

Akagonga kioo. Mpishi akainua uso, akampungia mkono. Akagonga tena, akalionyesha beseni. Mpishi akachota unga kiganjani akauinua juu, amwonyeshe mama jinsi ulivyo mweupe na laini. Mama Mkate akatikisa kichwa kukataa, akapishanisha mikono kifuani. Mpishi akamtazama, akautazama unga, akalitazama donge. Mikono yake ikasimama. Uso wake ukawa wa mtu aliyefika sokoni akasahau alichotumwa.

Lakini Mama Mkate hakuwa akimtazama tena. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, naye alikuwa jikoni kwake, siku ile ya keki ya mchele. Aliuona mchele wake uliochekechwa. Aliliona bakuli aliloliosha mara mbili kwa maji moto. Kisha akauona mkono wake mwenyewe ukilipaka siagi bati la keki, ukichota unga wa ngano kwenye debe, ukiunyunyiza humo ndani ili keki isishike, ukilipigapiga bati ukingoni mwa sinki, kama mama yake alivyomfundisha kabla hajajua kusoma. Mkono haukuuliza. Haukuwahi kuuliza hata siku moja.

Akarudi mezani akakaa kwa kushika meza.

"Umeona nini, mama?" mkwe akauliza.

"Ile keki. Ile ya mchele niliyokupikia. Bati nililinyunyizia unga. Wa ngano. Chini, na pembeni pote. Ni mimi niliyekulaza."

Alingoja mkwe ashtuke. Mkwe hakushtuka. Aliikunja ile leso ya karatasi tena.

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Tangu siku ile. Nilipokiinua kipande niliona weupe chini."

"Ukakila."

"Nikakila."

Mama Mkate alimwinamia. "Kwa nini, mwanangu? Uliujua ugonjwa wako, uliuona unga, ukala?"

"Ulikuwa umesimama mlangoni umeshika kitambaa cha kufutia mikono, unaningoja nionje," mkwe alisema. "Niliambiwa umeusaga mchele mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza unanipikia mimi peke yangu. Ningekirudisha vipi?"

"Vipande viwili."

"Cha pili uliniongeza mwenyewe."

Ni kweli. Alimwongeza, tena kwa kumlazimisha, akisema kidogo hicho hakitakushinda. Mama Mkate alijifunika uso kwa viganja, na viganja vyake vilinukia chachu na mkate hata hapa, hata siku ambayo hakuoka. Muda wote ule aliamini binti huyu anamkataa. Alimnunia, aliacha kumpikia, alimsema kwa dada zake kwamba ana maringo. Na kumbe binti alikula maumivu ya wiki nzima, kwa sababu hakutaka kumwaibisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia mume wangu. Akasema nimwachie, atatafuta namna nzuri ya kukueleza."

"Hajanieleza kitu."

Wote wawili waliitazama simu iliyolala mezani. "Kumbe," Mama Mkate akasema polepole, "ndiyo maana ya piza." Mkwe akaanza kucheka bila sauti, tumbo likitikisika, na Mama Mkate naye akacheka machozi yakimtoka. Alijiapiza kwamba mwanawe akitoka zamu atamwona.

Kicheko kilipokwisha aliuliza swali lililomleta. "Na chumba?"

"Chumba ni kizuri, mama. Nilikiona, nimeipenda na rangi." Mkwe akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo. "Lakini safari hii siwezi kula kwa adabu. Nitakuwa namnyonyesha. Nikilala mimi, mtoto atalelewa na nani?"

Mama Mkate aliifikiria nyumba yake. Unga ulikuwa kwenye nyufa za meza, kwenye mapazia, kwenye mifuko ya aproni zote zilizoning'inia nyuma ya mlango. Asubuhi mwanga ukiingia dirishani ungeuona ukielea. Huo ndio uliomsomesha mwanawe. Nyumba ile ingeweza kuoshwa mpaka mtoto aanze shule, na bado mkono wake ungechota kwenye debe siku moja wakati akili iko kwingine.

"Basi usije," alisema. Ilimuuma kuitamka, na aliitamka yote. "Mimi nitakuja kwako. Tanuri nitamwachia msaidizi wangu. Nitakuja na nguo mpya, bila sufuria, bila mwiko, bila kitu. Utanionyesha vyombo vyako, na nikitaka kugusa chochote nitakuuliza kwanza, kama ninyi mafundi mnavyouliza kabla ya kugusa waya."

Mkwe aliikunjua ile leso. "Utaweza kukaa nyumba isiyo na mkate, mama?"

"Sijui," Mama Mkate alisema. "Tutaona."

Mhudumu alifika na piza mpya. Mpishi mwenyewe alikuwa nyuma yake, kichwa chini, akijaribu kumwambia jambo, lakini mhudumu alishaitua mezani. Ilikuwa na vibendera viwili. Meneja, aliyewafuata, alisema kimeongezwa cha pili kwa sababu ya usumbufu.

"Hakuna shida," Mama Mkate akamwambia mhudumu, na akainuka.

Nje jua lilikuwa bado kali. Mkwe aliinama kumuaga, kwa mkono mmoja, mwili mbali kidogo, na Mama Mkate sasa akaelewa hata hilo. Akarudi nyuma hatua moja. Akaanza kujikung'uta mikono ya gauni, kifuani, mapajani, akajipangusa viganja kwa leso.

"Mama, unga wa kwenye nguo hauna neno. Ni mpaka uniingie mdomoni."

"Sawa," alisema, lakini aliendelea kukung'uta pale kando ya barabara, wapita njia wakimkwepa, mpaka alipojiridhisha. Kisha akafungua mikono, na mkwe akaja mzima, tumbo na vyote, akakaa hapo.